Mitoo: Mboga ya Porini Yataka Mwenyewe

Juma hili na tuziache kabeji na nyanya zipumzike, tuzungumze juu ya mboga ambayo wengi wetu tumeila tangu utotoni, na hata hivyo ni wachache kati yetu waliomwona mtu akiipanda. Mboga hiyo ni mitoo. Wajaluo ndio waliotupa jina hilo. Waluhya huiita miro. Na ndugu zetu wa Tanzania huita aina yake moja marejea. Aliyelelewa pande za Nyanza au za Magharibi hana haja ya kuelezwa utamu wa ule uchungu wake. Kwa yule asiyeijua, yatosha kusema kwamba ni mmea wa jamii ya kunde na njegere, wenye vijani vitatu vitatu juu ya kikonyo kimoja, maua ya manjano mithili ya vipepeo wadogo, na maganda ambayo yakikauka mbegu hulia ndani yake kama kayamba. Hata wataalamu wa mimea, walipouita ukoo huu Crotalaria, walilitoa jina hilo katika neno la Kiyunani la chombo cha ngoma kinachoalika mkononi mwa mchezaji.

Zamani mboga hii haikuhitaji mwenyewe. Iliota katika mashamba yaliyolazwa, kando ya njia na mipakani, na mvua ikiisha kushika akina mama waliingia na vikapu vyao wakachuma. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Lakini mashamba ya kulaza yako wapi leo? Katika hesabu ya watu ya mwaka 1 tu wa karibuni, yaani 2019, Vihiga ilionekana kuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali palipojaa kiasi hicho, kila hatua ya ardhi ina jembe lake. Ndugu watano waliogawana shamba la baba yao hawana kipande cha kupumzisha. Mpaka umepandwa majani ya ng'ombe, na kando ya njia pamejengwa vibanda vya biashara.

Basi mboga iliyozoea kujiotea haina tena pa kuota. Ama itapewa nafasi bustanini, ama itapotea. Na ikipotea, yatapotea pamoja nayo maarifa ya wale waliojua ipi ya kuchuma na ipi ya kuacha. Hilo la pili ndilo linaloniogofya zaidi, na sababu yake ni hii ifuatayo.

SI KILA INAYOFANANA HULIWA

Ukoo wa Crotalaria una aina zipatazo 700 ulimwenguni, na nyingi kupita zote ziko katika Afrika. Zinazoliwa kama mboga ni chache sana. Baadhi ya hizo nyingine zina sumu inayoharibu ini, na ng'ombe na farasi wamekufa kwa kuzila. Ubaya wa sumu hii ni kwamba haimwonyi mtu siku ile ile. Huingia kidogo kidogo, na madhara yake hutokea baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau alichokula.

Kijana mmoja aliyehamishwa kikazi akaja kukaa karibu nasi alitamani mitoo ya kwao. Siku moja aliona mmea wenye maua ya manjano kando ya barabara, akachuma tita zima, akampelekea mama mmoja anayeuza mboga sokoni.

"Shikamoo, Mama. Hii si mitoo?"

"Marahaba, mwanangu." Yule mama akalipindua jani, akalisugua kwa vidole, akatazama na maganda. "Hapana. Hii ni ndugu yake tu. Itupe."

"Mama wajuaje? Maua ni yale yale."

"Yangu naijua kwa sababu mbegu yake niliipanda mimi, na kabla yangu aliipanda mama yangu. Hii ya barabarani ni nani aliyeipanda?"

Jibu hilo lapita mafundisho mengi. Mtu asiyekuwa na mzee wa kumwonyesha asichume porini kwa kukisia. Na apate mbegu kutoka kwa mtu aijuaye, au dukani kwa wauza mbegu wanaoaminika, aipande mwenyewe. Hata hiyo ya bustanini, tunachokula ni majani na vichipukizi. Mbegu zake si chakula cha watu, wala zisimwagwe mahali kuku na mifugo watakapozila.

AINA MBILI ZA KUPANDA

Katika Kenya tunapanda aina mbili. Ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Crotalaria brevidens, ina majani ya kijani yenye kuelekea samawati, maganda membamba, na uchungu dhahiri. Ya pili, Crotalaria ochroleuca, ina majani ya kijani kiangavu, maua ya manjano hafifu, maganda manene, na ladha ya upole. Wazee wengi huipenda ile chungu, na watoto na wageni huipenda ile ya upole. Mwenye nafasi na apande zote mbili, ila kila moja mahali pake, ili mbegu zisichanganyike wakati wa kuvuna.

MAHALI NA UDONGO

Mitoo haidai mengi. Yapenda jua na joto, huvumilia udongo uliochoka, na mizizi yake ikiisha kushika huvumilia ukame kuliko kabeji na hata kuliko sukuma wiki. Isichoweza kuvumilia ni maji yaliyotuama. Kwa hiyo, kama bustani yako iko bondeni, inua matuta. Katika nyanda za juu zenye baridi kali hukua polepole mno, na huko ni afadhali kuipanda karibu na ukuta wa nyumba unaopokea jua la asubuhi.

Lima vizuri, vunja madongoa, na usawazishe udongo uwe laini, maana mbegu ni ndogo sana. Samadi iliyooza vema itanenepesha majani. Samadi mbichi huleta magugu na wadudu. Mbolea ya dukani ya kukuzia majani haina haja. Mmea huu wajitengenezea sehemu kubwa ya chakula hicho wenyewe, kama tutakavyoona.

KUPANDA NA KUPALILIA

Panda mvua inapoanza. Chora mistari iliyoachana sentimita 30, yaani karibu futi moja, na kina chake kisizidi sentimita 1. Kwa kuwa mbegu ni ndogo na mkono hupenda kumwaga nyingi, changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, kisha tembeza mchanganyiko huo katika mstari. Funika kwa udongo mwepesi. Mvua ikichelewa, nyunyiza maji kwa upole asubuhi na jioni mpaka miche itokee.

Wiki za mwanzo ndizo za hatari. Mche wa mitoo huanza kwa unyonge, na magugu hayamngojei mnyonge. Palilia mapema, kwa mkono au kwa kijiti karibu na mstari, na kwa jembe katikati ya mistari. Baada ya wiki tatu hivi punguza miche ili iachane kiasi cha sentimita 15. Wapo wanaoona huruma kuing'oa miche mizuri. Huruma hiyo ni ya bure: miche iliyosongamana hurefuka ikitafuta jua, ikawa na shina refu na majani haba. Tena ile uliyoing'oa haitupwi, maana hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, na ni laini kuliko zote zitakazofuata.

KUCHUMA

Baada ya miezi miwili hivi mboga huwa tayari. Wengi huing'oa yote na mizizi, wakaila mara moja, na kesho yake bustani ni tupu. Bora kuliko hivyo ni kukata shina kuu kwa kisu kikali, ukiacha kipande chenye urefu wa kalamu kutoka ardhini, na majani machache chini yake. Mahali pa shina moja vitachipuka vichipukizi vingi, na kila juma moja au mawili utachuma tena. Ukiona machipukizi ya maua, yakate, kwa sababu mmea ukiisha kuingia katika kazi ya kuzaa, majani huwa madogo na magumu.

Chuma asubuhi na mapema au jua likishuka. Majani yaliyochumwa adhuhuri hunyauka kabla hayajafika sokoni, na mnunuzi hupunguza bei kwa haki.

WADUDU

Mitoo haishambuliwi sana, ila mbegu zina adui wake. Nondo mdogo mweupe mwenye madoadoa mekundu na meusi hutaga mayai juu yake, na viwavi wake hutoboa maganda wakala mbegu. Urembo wa nondo huyu ni onyo, maana anapokuwa kiwavi hula ile sumu ya mmea na kuihifadhi mwilini, na ndege wakimwonja humtema. Dawa kwa bustani ndogo ni macho na vidole. Pita kila siku mbili au tatu wakati maganda yanapojaa, uwaokote viwavi na kuwaua. Tafadhali usinyunyize dawa ya sumu juu ya mboga ambayo watoto wako wataila kesho.

MIZIZINI

Chimba mche mmoja kwa uangalifu, usiung'oe kwa nguvu, kisha uoshe mizizi taratibu. Utaona vifundo vidogo vimeshikamana nayo. Mtu asidhani ni ugonjwa. Ndani ya vifundo hivyo hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni iliyo hewani, ambayo mimea haiwezi kuitumia hivi hivi, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Pasua kifundo kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini, kikiwa cha kijivu au cheupe, hawafanyi kazi.

Kwa ajili hiyo mmea huu umetumika kuponya mashamba. Katika miaka ya 1980, kusini mwa Tanzania, Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho aliwahimiza sana wakulima wapande marejea ili kurudisha nguvu ya udongo. Hapa kwetu una faida nyingine. Wakulima wa Nyanza na Magharibi walijua sana gugu la kayongo, lenye maua ya rangi ya zambarau, linaloshika mizizi ya mahindi na kuyanyonya yangali madogo. Mbegu za kayongo hulala ardhini zaidi ya miaka 10, zikingoja kunusa mzizi wa mmea. Mzizi wa mitoo huziamsha, lakini hauzilishi. Basi huota na kufa kwa njaa. Msimu mmoja hautamaliza kayongo shambani, lakini kila mbegu iliyodanganywa hivyo imepungua katika hesabu.

Hata hivyo, tusizidishe sifa. Ukiyachuma majani yote ukayapeleka sokoni, sehemu kubwa ya ile naitrojeni umeipeleka sokoni pia. Anayetaka shamba lake lifaidi asiing'oe mitoo mwisho wa msimu. Na aikate chini kabisa, aiache mizizi ardhini, na mashina laini ayafukie kabla hayajawa kuni. Kisha apande mahindi mahali pale.

JIKONI

Majani ya mitoo yana protini, chokaa ya kujenga mifupa, madini ya chuma, na vitamini A na C kwa wingi. Bibi zetu hawakuyajua majina hayo, walakini walijua kumpa mboga hii mama aliyetoka kujifungua. Huchemshwa pamoja na kunde au mrenda, pengine kwa maji yaliyochujwa katika majivu au kwa magadi kidogo, kisha hutiwa maziwa na kuachwa mpaka kesho yake, ndipo uchungu hupungua na ladha kukamilika. Ninalosihi ni kwamba magadi yasizidi, na maji yasimwagwe ovyo wala mboga isichemshwe nusu siku, maana vitamini C huharibika upesi.

Kwa muda mrefu tulidhani bustani ya heshima ni ile yenye kabeji zilizojipanga kama askari, na mboga za kienyeji ni chakula cha asiye na senti. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizi, na sasa mitoo huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Ni jambo la kufurahisha, ila lina hatari yake. Kitu kikianza kuleta fedha, watu hukata kila shina, na anayebakiza la mbegu huonekana mjinga.

MBEGU

Nimefika sasa kwenye neno nililokuwa nikilielekea tangu mwanzo. Kupanda mitoo ni rahisi, kuipalilia ni rahisi, na kuila ni rahisi zaidi. Lililo gumu ni kuacha kuila. Katika kila bustani na iwepo miche isiyoguswa na kisu tangu kuota mpaka kukauka. Nasema 20 kwa uchache, wala isiwe ile iliyobaki kwa kuwa ni mibaya na haikufaa sufuria. Chagua ile yenye majani mapana, isiyo na ugonjwa, na inayochelewa kutoa maua, kwa sababu mtoto hufuata mzazi wake. Ifungie kila mmoja uzi, na watu wote wa nyumbani waambiwe kwamba uzi huo ni amri. Nimeona nyumba ambamo baba alifunga nyuzi, na jioni mgeni akafika ghafula, nyuzi zikaingia jikoni pamoja na mboga.

Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti watakuja katika maua. Usiwafukuze, kwa maana wao ndio wanaokusaidia kupata mbegu. Maganda yakigeuka hudhurungi na mbegu zikianza kulia ndani, yachume, uyaanike juu ya mkeka, uyapure kwa fimbo, na kupepeta. Anika mbegu kivulini penye hewa mpaka zikauke kabisa, kisha zitie katika kibuyu au chupa kavu yenye kifuniko imara, pamoja na majivu kidogo. Bandika karatasi uandike aina, mahali ilipotoka, na mwaka. Sisi makarani hulaumiwa kwa kupenda kuandika kila kitu, lakini mbegu za aina mbili zikiisha kuchanganyika katika chupa isiyo na jina, ni taabu kuzitenga.

Mwisho, usiziweke zote katika nyumba moja. Gawa vijiko viwili au vitatu kwa majirani. Akiba haiozi, lakini panya huila, na nyumba huungua. Siku chupa yako itakapopotea, utabisha hodi kwa yule uliyempa, naye atakurudishia.

Kabla ya mvua zijazo, basi, kila msomaji mwenye mama, bibi au shangazi aijuaye mitoo na aende kwake. Asiende na mfuko wa kuombea mboga peke yake. Amwombe na mbegu, na amsihi amwonyeshe majani kwa macho na vidole, ile inayoliwa na ile isiyoliwa, naye aende pamoja na watoto wake ili waone. Mistari mitatu ya hatua kumi nyuma ya nyumba yatosha kuanza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mrenda. Wale ambao mbegu zao zimekataa kuota na watuandikie, wakieleza wamezihifadhi wapi na kwa muda gani, nasi tutajitahidi kuwajibu hapa hapa.